Mtaa wa zamani kutangazwa urithi: anzeni na orodha, barua baadaye

Ndugu uliyeuliza mtaa wenu wa nyumba za mawe hapa Pwani ya Kenya utatangazwaje kuwa urithi, na barua aandikiwe nani: barua iwe ya mwisho.

Kisheria njia ni fupi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo katika Gazeti Rasmi, akishauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tangazo likitoka, kuna miezi miwili ya pingamizi, kisha waziri analithibitisha au kuliondoa. Basi faili lenu liende Makumbusho. UNESCO msiifikirie sasa. Hata Lamu ililindwa kwanza na sheria ya nchi, ndipo ikaingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Kazi yenyewe ni orodha. Kila nyumba iwe na karatasi yake: nambari ya kiwanja, mwenye nyumba, umri kwa makadirio, ghorofa, hali ya kuta na dari, kilichobadilishwa. Pigeni picha uso mzima wa mbele, daka (ukumbi mdogo wa mlangoni), baraza, na mlango kwa karibu hadi nakshi zisomeke. Zidaka za ndani, yaani vishubaka vya ukutani, pia, mwenyewe akiridhia. Pimeni upana wa vyumba. Dari ya zamani hubebwa na boriti za mikoko, nazo ni fupi, ndiyo maana chumba ni chembamba, mara nyingi hakifiki mita 3. Mkikuta cha mita 5, huenda zege limeshaingia. Liandikeni. Nyumba chache zilizobadilishwa haziui ombi. Kinacholiua ni mkaguzi kufika mlangoni akakuta karatasi inasema uongo.

Ramani ifuate vichochoro na nambari za viwanja. "Kutoka msikitini hadi sokoni" si mpaka, na mstari ukikata kiwanja katikati, mwenyewe ana pingamizi tayari mkononi.

Wenye nyumba waendeeni mapema, mlango kwa mlango. Nyumba ya mirathi isiyogawanywa, saini ya ndugu mmoja haitoshi. Ya wakfu, muoneni msimamizi wake. Hofu yao kubwa ni kunyang'anywa. Waambieni wazi kwamba hatimiliki haihami, na waambieni wazi vilevile kwamba kubomoa au kubadilisha kutahitaji idhini. Mkificha hilo la pili, litarudi ndani ya ile miezi miwili.

Huku mkisubiri, vibali vya ujenzi vinatolewa na kaunti. Ipeni ofisi ya mipango nakala ya ramani na orodha, muombe kila ombi la kubomoa lipite Makumbusho kwanza.

Na zuieni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba na kubanduka na vipande vya jiwe, ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza, dari inashuka. Hapo ndipo mwenye nyumba anaambiwa ni mbovu, aibomoe. Ukarabati uwe wa chokaa, tabaka jembamba, moja likauke kabla ya jingine. Chomeni ncha za boriti kwa bisibisi, pale zinapoingia ukutani. Bisibisi ikizama bila kukaza mkono, wekeni nguzo chini ya boriti hiyo siku hiyohiyo, faili lingoje.