Je, Yakobo maana yake ni mdanganyifu?

Dada, hongera kwa mtoto. Unataka kumpa jina la babu yake, Yakobo, ila mzee mmoja wa kanisa amekutia hofu kwamba maana yake ni "mdanganyifu". Mpe mwanao jina hilo bila wasiwasi.

Fungua Mwanzo 25:26. Mtoto alizaliwa ameshika kisigino cha Esau, na kisigino kwa Kiebrania ni "akev". Ndipo akaitwa Yaakov, yaani Yakobo. Habari ya kulihusisha jina hilo na udanganyifu inakuja sura ya 27, na anayeisema ni Esau, kaka aliyepokonywa baraka, akilichezea jina la mdogo wake kwa uchungu. Tangu lini maana ya jina la mtu ikachukuliwa kwa aliyegombana naye?

Tena jina lenyewe ni la kale sana. Majina ya jinsi hiyo yamekutwa kwenye maandishi ya Mesopotamia na Misri, na baadhi yanaishia na "El", yaani Mungu. Kwa hiyo wataalamu wengi huona kwamba umbo lake kamili lilimaanisha "Mungu na alinde". Mimi hapo naona dua nzuri kwa mtoto mchanga.

Na hata baada ya kumwita Israeli, Mungu alimwita tena "Yakobo, Yakobo" katika Mwanzo 46:2. Kwenye Kutoka 3:6 anajitambulisha kwa Musa kuwa Mungu wa Yakobo.

Kaa na huyo mzee kwa heshima, msome pamoja Mwanzo sura ya 25 na ya 27 kabla ya siku ya ubatizo.