Re: Leza ya uso kabla ya harusi, niko Arusha

Dada, umeuliza kama leza itaondoa makovu ya chunusi na makunyanzi ya paji kabla ya harusi mwezi ujao. Kwa mwezi mmoja, hapana. Leza ya makovu hutoboa vitundu vidogo sana ili ngozi itengeneze kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) mpya, na kazi hiyo huchukua miezi. Tena ngozi yetu sisi weusi hubaki kirahisi na madoa meusi baada ya leza, kwa hiyo uliza aina ya mashine: leza iitwayo Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, ni salama zaidi kwetu kuliko ya kaboni dioksaidi. Una keloidi (makovu yanayovimba na kukua)? Sema mapema. Mkorogo (kama unapaka, sikuhukumu) acha kwanza. Kabla ya kumpa mtu wa saluni uso wako, panda gari uje Moshi, hospitali ya KCMC. Wana kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992.