Jibu: mnara wa taa uliodumu miezi 15 tu

Shekhe, umeuliza kama kuna mnara wa taa uliowahi kubebwa na bahari, maana huu wetu wa Ras Serani, Mombasa, umekaa juu ya nchi kavu. Upo: Minot's Ledge, Massachusetts, Marekani. Uliwashwa tarehe 1 Januari 1850, na Aprili 1851 haupo.

Mwamba wenyewe maji yakijaa hauonekani. Mhandisi William Swift akaona ukuta utapigwa na mawimbi, bora nguzo tisa za chuma zilizochimbiwa mwambani, maji yapite katikati. Kwenye karatasi ni hesabu nzuri. Ila juu ya miguu hiyo kulikaa nyumba ya walinzi na taa yenyewe, uzito wote kichwani. Mlinzi wa kwanza, Isaac Dunham, alilalamika kuwa mnara unayumba, asisikilizwe, akaacha kazi. Aliyemfuata, John Bennett, alimdharau mpaka dhoruba ya kwanza ilipomkuta humo ndani. Halafu akafunga amari, yaani kamba nene ya nanga, kutoka mnarani hadi nanga chini. Wengi wanasema ilizidi kuuvuta badala ya kuushikilia.

Usiku wa tarehe 16 Aprili Bennett alikuwa pwani. Wasaidizi wake wawili, Joseph Wilson na Joseph Antoine, walibaki juu wakigonga kengele. Asubuhi zilibaki nguzo zilizopinda tu, na wote wawili wamekufa.

Wa pili ulijengwa kwa mawe ya matale (graniti) yaliyochongwa yakaumana, ukawashwa 1860. Huo mpaka leo umesimama.