Usiipe skana njia ya faili peke yake
Chalii wangu, umeuliza skana, yaani programu ya kukagua mafaili, ipewe njia ya faili tu (anwani ya mahali faili lilipo) au kitu kizima chenye taarifa zake zote, mi nakwambia ipe kitu kizima, tengeneza rekodi moja yenye njia, saizi, hashi ya SHA-256 (kama alama ya kidole inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo) na aina halisi ya faili, na hiyo aina usiisome kwenye jina maana docx ya Word yenyewe ni zip tu, faili lililobanwa, baiti zake mbili za kwanza ni PK, wakati PDF inaanza na %PDF. Maandishi yaliyosafishwa (yaliyoondolewa koment, yaani maelezo ya mwandishi ndani ya kodi) yakae humohumo ila tunza namba za mistari ya mwanzo!! mi hapa Moshi nilikesha hadi saa tisa usiku nahangaika na mstari wa 40, kumbe kwenye faili lenyewe ni wa 212 😂 koment zilishafutwa zote, ndo maana namba zilihama. Na rekodi ikishaundwa isiguswe, kila hatua itoe mpya.