Nichangie harusi au nilipe deni la dukani?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mvuvi, naishi Langoni, Lamu. Kusi iliyopita bahari ilichafuka, tukakaa siku nyingi bila kutoka, nyumba ikala kwa daftari la duka. Nadaiwa 18,000 dukani, na kuna mkopo wa simu ambao ada yake inapanda kila nikichelewa. Mwezi ujao binti wa ndugu yangu anaolewa, nimekadiriwa mchango wa 15,000; nikikataa ni aibu. Na mwezi wa Mfungo Sita huwa natoa chochote kwa ajili ya Maulidi pale Msikiti wa Riyadha. Nianze na lipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalam warahmatullah. Ndugu yangu, anza na deni. Harusi na Maulidi vitangoja.

Najua jibu hili halitakufurahisha, maana sisi watu wa pwani kutoa kumetuingia damuni. Lakini hiyo 15,000 unayotaka kumpelekea ndugu yako si yako. Ni unga na mafuta ya mwenye duka, uliokwisha kula. Ukimtuza bibi harusi kwa pesa hizo, mkarimu ni mwenye duka, naye hata hakualikwa. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, anasema kauli sahihi zaidi ni kwamba ni haramu kwa mtu kutoa sadaka ile anayoihitaji kwa chakula cha wanaomtegemea, au kwa deni asilotarajia kuwa na cha kulilipia. Na hapo ni sadaka, sembuse mchango wa kuogopea maneno ya watu!

Aibu unayoiogopa ndiyo ndogo. Swahaba Salama bin Al-Akwa'i, katika hadithi za Bukhari, anasimulia kuwa Mtume ﷺ aliletewa jeneza, akauliza kama marehemu ana deni. Akaambiwa dinari tatu. Akasema, mswalieni mwenzenu. Hakumswalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Dinari tatu tu.

Mkopo wa simu: hiyo ziada ni riba, waiite ada au waiite vyovyote. Tubia, usikope tena, na uumalize huo kwanza, kwa kuwa ndio unaokua. La dukani halikui. Ikiwa ziada huna njia ya kuikwepa, ilipe utoke.

Kwa mwenye duka nenda leo, kabla hajakutafuta. Wengi tunakosea hapa: mtu akidaiwa hubadilisha kichochoro ili asipite mbele ya duka, na Lamu vichochoro havikosekani. Mwambie umebakiwa na nini, utampa kiasi gani na lini, na muandike; aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, ni ya kuandikiana deni. Ikiwa kweli huna, aya ya 280 inamtaka akungoje mpaka upate wasaa. Lakini kungojewa ni haki ya asiye nacho. Mwenye nacho akichelewesha, Mtume ﷺ ameiita dhulma.

Sasa niulize nami: unacho au huna? Hukunitajia matumizi yako, basi nakisia kwa ninayoyaona barazani. Miraa ya 100, sigara za 60, bando la 50. Hiyo ni 210 kwa siku, 6,300 kwa siku thelathini. Chini ya miezi mitatu deni lote la dukani lingekwisha, na hujapunguza kitoweo cha watoto hata kipande. Kama hutumii hivyo, niwie radhi. Kama watumia, usiseme huna.

Kwa ndugu yako, nenda mwenyewe umweleze, usitume mtu. Kisha siku ya shughuli kabebe maji, kachinje, kasimamie masufuria. Mkono wako haudaiwi na mtu.

Na ile dua Mtume ﷺ aliyomfundisha Sayyidna Ali, Allahumma ikfini bihalalika an haramika, wa aghnini bifadhlika amman siwaka, yaani Ewe Mola, nitosheleze kwa halali yako niepukane na haramu yako, na unitajirishe kwa fadhila zako nisimhitaji asiyekuwa Wewe, isome ukiwa njiani kwenda dukani.

Wallahu a'lam.