Je, kusema kweli kuhusu mtu ni kumsengenya?

Ndugu, umeuliza iwapo mafundisho ya Kiyahudi yatakuhesabu msengenyaji ukimwambia rafiki yako kwamba mtu anayetaka kushirikiana naye katika biashara aliwahi kumdhulumu mshirika wake wa awali.

Aliyelichambua jambo hili kwa kina ni Rabi Israel Meir Kagan (1838–1933) wa Radun, mji mdogo ambao leo uko Belarus. Mwaka 1873 alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za ulimi, akakiita Chofetz Chaim, yaani “apendezwaye na uzima”, maneno ya Zaburi ya 34. Fundisho lake lililo gumu kwetu sote ni kwamba kumsema mtu vibaya kumekatazwa hata pale neno lenyewe linapokuwa la kweli; uzushi una jina lake na ni dhambi kubwa zaidi.

Hata hivyo, hakutaka tunyamaze mwenzetu akiangamia. Walawi 19:16 inakataza kuzunguka ukichongea watu, na mstari huohuo unakataza kusimama tu damu ya jirani yako ikiwa hatarini. Kwa hiyo unaweza, tena unapaswa, kumwonya rafiki yako, mradi uwe umelithibitisha jambo hilo mwenyewe, usilitie chumvi, usiwe na njia nyingine ya kumkinga, na nia yako isiwe kulipiza kisasi. Sharti hili la nia ndilo ninaloliona zito kuliko yote: ikiwa una kinyongo na mtu huyo, jichunguze kwanza, kisha umweleze rafiki yako tukio hilo tu, bila kugusa tabia zake nyingine.