Maswali ya Wasafiri: Miji Tisa kwa Siku 14?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na ninaishi Buruburu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba katika chama kwa miaka minne ili tusherehekee miaka 25 ya ndoa yetu kwa kuzuru miji ya Ulaya kwa treni, wakati wa likizo ya Agosti. Tuna siku 14. Nimeorodhesha Amsterdam, Brussels, Paris, Zurich, Venice, Florence, Rome, Vienna na Prague. Binti yetu anasisitiza tununue pasi moja ya reli itakayotufikisha kote, lakini wakala mmoja hapa mjini ametuambia kwamba pasi hiyo ni hasara. Tumsikilize nani? Na je, mpango wenyewe unawezekana?
Mwalimu, Buruburu

JIBU: Mwalimu, hongereni kwa miaka 25. Mpango unawezekana kwa maana kwamba reli zipo na treni zinakwenda. Ila mtarudi Buruburu mkiwa mmeona stesheni nyingi kuliko miji.

Hesabu ninayoipendekeza ni ya usiku mtakaolala, kwa sababu idadi ya miji hudanganya. Siku 14 ni usiku 13. Kila mnapohama, hata kama treni yenyewe inachukua saa mbili tu, nusu ya siku imekwenda: kufungasha, kutoka hotelini kabla ya saa tano asubuhi, kufika stesheni, kusafiri, kuitafuta hoteli mpya katika mtaa msioujua, na mara nyingi kungoja chumba hadi saa nane au saa tisa alasiri. Miji tisa ina maana ya kuhama mara nane, yaani siku nne nzima za kuburuta masanduku. Agosti, tena, ni mwezi ambao Wazungu wenyewe wako likizoni, na Roma huwa na joto la kumchosha hata mtu wa Mombasa.

Kwa hiyo, kwa ruhusa yako, nimekata orodha. Vienna na Prague ziko mbali upande wa mashariki, na kuziunganisha na Roma kungewapotezea muda mwingi; ziwekeni kwa safari nyingine pamoja na Berlin, maana miji hiyo mitatu inafuatana vizuri kwenye reli. Brussels mtaipita dirishani, kwa kuwa treni ya Amsterdam kwenda Paris husimama hapo. Kinachobaki ni mstari mmoja unaoshuka kusini bila kurudi nyuma: Amsterdam usiku 3, Paris usiku 4, Zurich usiku 1, Venezia usiku 2 na Roma usiku 3. Firenze mtaiona njiani, kama nitakavyoeleza. Nimeandika Venezia, Firenze na Roma makusudi, kwa sababu ndivyo mtakavyosoma kwenye mbao za stesheni na kwenye tikiti. Anayetafuta «Florence» ubaoni anaweza kuachwa na treni huku akiitazama.

Mstari huo una sharti moja, nalo ni kwamba tikiti ya ndege iwe ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Wasafiri wengi wa hapa kwetu hununua tikiti ya kwenda na kurudi katika mji uleule kwa mazoea, kisha wanalazimika kupanda treni siku nzima kurudi walikoanzia. Mashirika yanayopitia Doha au Istanbul hufika Amsterdam na Roma pia, na tikiti ya namna hiyo huwa haizidi sana bei ya ile ya kawaida.

Sasa treni zenyewe. Kutoka Amsterdam hadi Paris ni takriban saa tatu na dakika ishirini kwa Eurostar. Kutoka Paris hadi Zurich ni kama saa nne, na treni huondokea Gare de Lyon. Angalieni sana hapo: ile ya kutoka Amsterdam itawashusha Gare du Nord. Paris haina stesheni kuu moja kama yetu ya Nairobi. Ina kadhaa, kila moja na upande wake wa nchi, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya metro pamoja na masanduku. Kutoka Zurich mtashuka kusini hadi Milano kwa muda wa saa tatu na ushei, mkipita katika handaki la Gotthard lenye urefu wa kilomita 57, ambalo lilifunguliwa mwaka 2016 na ndilo handaki refu kuliko yote ya reli duniani. Milano mtabadilisha treni na kufika Venezia baada ya saa mbili na nusu hivi.

Venezia ina stesheni mbili kubwa, na mimi mwenyewe ziliniumbua. Niliposikia jina la Venezia likitangazwa nilinyanyuka, nikashusha sanduku, nikashuka, nikatoka nje nikitafuta maji na madaraja, nikakuta barabara, mabasi na maduka ya simu. Nilikuwa Venezia Mestre, bara. Mji wenye mifereji uko kisiwani, mwendo wa dakika kumi zaidi, na stesheni yake ni Venezia Santa Lucia. Ukitoka mlangoni mwake, Mfereji Mkuu uko pale pale mbele ya ngazi. Tikiti yako isomeke Santa Lucia, na usinyanyuke kabla ya hapo.

Siku ya kwenda Roma, ondokeni Venezia asubuhi mapema, mshuke Firenze Santa Maria Novella baada ya saa mbili na kidogo, mwache masanduku kwenye chumba cha kutunzia mizigo stesheni hapo, na mtembee kwa miguu hadi kanisa kuu lenye kuba la matofali mekundu. Hakufiki mwendo wa robo saa. Jioni mpande treni nyingine, na baada ya saa moja na nusu mko Roma Termini. Wapenda sanaa watanilaumu kwa kuipa Firenze saa saba tu, na wana haki. Kama ni wewe mmoja wao, punguza usiku mmoja wa Paris uulaze Firenze.

Kuhusu pasi, binti yako na wakala kila mmoja ana nusu ya ukweli. Pasi iliyo halali kwenu inaitwa Eurail. Ile ya Interrail mtakayoiona mkitafuta mtandaoni ni ya wakazi wa Ulaya, na Mkenya anayeishi Nairobi haruhusiwi kuitumia. Eurail ya nchi zote inafanya kazi katika nchi 33, na mojawapo ya aina zake hukupa siku nne za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, idadi ambayo inalingana kabisa na siku zenu nne za kuhama. Tatizo liko kwenye viti. Eurostar, treni za kasi za Ufaransa na zile za Italia hudai kwamba mwenye pasi alipie tena kuhifadhi kiti, na Eurostar hutenga viti vichache tu kwa wenye pasi. Mtakuwa mmelipa mara mbili, na bado mnaweza kukosa nafasi. Ingekuwa mnazuru Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako treni nyingi za ndani hazidai kuhifadhi kiti na mtu hupanda tu kama anavyopanda matatu, ningekuwa upande wa binti. Kwa njia hii yenu niko upande wa wakala: nunueni tikiti moja moja, miezi miwili au mitatu kabla, bei zikiwa bado chini, maana kadiri siku inavyokaribia ndivyo zinavyopanda.

Lakini msinunue kabla ya viza, kwa sababu tikiti za bei ya chini mara nyingi hazirudishiwi pesa. Nchi tano mtakazopita, pamoja na Ubelgiji ya dirishani, zote ziko katika eneo la Schengen, Uswisi ikiwemo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, hivyo viza moja inatosha. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuhesabu miji badala ya nchi. Paris ina usiku 4, kweli, lakini Venezia na Roma kwa pamoja ni usiku 5. Ombi lenu ni la Italia, hata kama mtaingilia Uholanzi. (Mkiulaza usiku mmoja wa Paris kule Firenze, jibu ni lilelile.) Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Kwa safari ya Agosti, tafuteni miadi mwezi wa Machi au Aprili. Wanafunzi wanaokwenda vyuoni hujaza foleni hizo kadiri Septemba inavyokaribia.

Yamebaki mambo madogo ya stesheni. Sisi tumezoea Syokimau, stesheni ya Nairobi ya treni ya Mombasa, ambako unafika saa nzima kabla, unapanga begi lako chini kwenye mstari mbwa apite akinusa, kisha unakaguliwa tena kwenye mashine. Kwenye treni zote nilizotaja hakuna kitu cha namna hiyo. Mnaingia kutoka barabarani hadi jukwaani, na nambari ya jukwaa huonekana ubaoni dakika chache tu kabla ya kuondoka. Ila ikitimia saa, hawamngoji mtu: treni za kasi za Ufaransa hufunga milango dakika mbili kabla. Tazameni pia nambari ya behewa, maana Ufaransa treni mbili wakati mwingine huunganishwa ziwe moja ndefu, wala hakuna njia ya kupita ndani kutoka moja hadi nyingine. Na tikiti zote huandikwa kwa saa 24. Mume wako akisoma 14:05 asije akatafsiri haraka haraka; ni saa nane na dakika tano mchana.

SWALI: Nitakuwa Paris kwa siku kumi nikiwa na viza ya Schengen. Rafiki yangu ananiambia naweza kupanda Eurostar asubuhi nikaione London, kisha nirudi jioni. Je, viza yangu inaniruhusu?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Haikuruhusu. Uingereza haimo katika Schengen, na Mkenya anahitaji viza ya Uingereza yenyewe, ambayo huombwa na kulipiwa peke yake. Pasipoti yako itakaguliwa hapo hapo Gare du Nord kabla ya kupanda, na maofisa wa Ufaransa na wa Uingereza pia, kwa hiyo utarudishwa hata hujaliona handaki la chini ya bahari. Ukiipata hiyo viza ya pili, hakikisha ile ya Schengen ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Ikiwa ni ya mara moja, ukitoka kwenda London imekwisha, na sanduku lako litabaki hotelini Paris. Kwa nauli ya siku moja, mimi ningekwenda Lyon, saa mbili kutoka Gare de Lyon, ambako hakuna anayeniuliza viza nyingine.

SWALI: Mhariri, si sote tuna pesa za Ulaya. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12, na ningependa waone miji kadhaa kwa treni humu Afrika Mashariki. Inawezekana, au nitaishia Mombasa tu?
Mama wa wawili, Embakasi

JIBU: Inawezekana, mama, mradi ukubali kwamba kuna kipande kimoja cha basi katikati. Anza na treni ya asubuhi ya kutoka Syokimau, ile inayosimama vituo vya kati, kwa sababu ile ya moja kwa moja haitakusaidia. Shuka Voi. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji, na usiku mmoja au mawili hapo yatawapa watoto ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo. Tikiti ya Nairobi hadi Mombasa haikuruhusu kushuka njiani na kuendelea kesho yake. Nunua ya Nairobi–Voi, na nyingine ya Voi–Mombasa, mapema, kwani likizo za shule huzimaliza. Treni ya Mombasa huishia Miritini, si mjini, kwa hiyo panga usafiri wa kutoka hapo, hasa ukifika usiku.

Kati ya Mombasa na Dar es Salaam hakuna treni ya abiria. Mtachukua basi kupitia Lunga Lunga na Tanga, safari ya siku nzima. Mkenya haombi viza ya Tanzania, lakini beba hati za kusafiria za watoto na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Ukifika Dar, watoto watalipwa fidia ya basi: tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme kwenda Morogoro na Dodoma, wakati yetu ya Nairobi na Mombasa bado inatumia dizeli. Treni ya haraka hufika Dodoma kwa muda usiozidi saa nne. Ningelala Morogoro kwanza, chini ya milima ya Uluguru, niende Dodoma kesho yake, halafu nirudi Dar kwa mkupuo mmoja. Wakati wa kwenda, waketishe watoto dirishani upande wa kushoto, maana Uluguru iko kusini mwa reli.